Picha Isiyozidi KB Hamsini

1 Julai
Kitabu kinasema Jumatatu, lakini leo ni Jumanne. Ni kitabu cha kumbukumbu za kila siku cha watu wa bima, cha miaka sita iliyopita. Walimpa mwanangu Nilesh zawadi ya mwaka mpya, naye hakuandika hata siku moja. Rupam amekitoa kabatini asubuhi, akakifuta vumbi kwa ncha ya sari, akanikabidhi. "Mama," akasema, "wateja wanachelewa. Ukiwa na neno, liandike humu." Yaani mke wa mwanangu amenifunga mdomo kwa adabu zote. Haya, naandika.

Mimi ni Phulkumari, mjane wa Jagdeo Babu aliyefungua studio hii ya Chitralok mbele ya stesheni. Kwa miaka thelathini kazi yangu ilikuwa kusafisha picha kwa brashi ndogo. Nilifuta chunusi, nikajaza vipara, nikawafumbua macho waliopigwa wakiwa wamefumba. Watu walileta kipicha cha marehemu baba yao, wakitaka kikuzwe kitoshe ukutani. Siku hizi ni kinyume. Wanaleta picha kubwa, wanataka ipungue. Kila fomu ya kazi, ya cheti, ya leseni, inajazwa mtandaoni, na kila fomu ina amri yake: picha isipungue KB ishirini, isizidi hamsini. KB ni uzito wa picha ndani ya kompyuta, ndivyo Rupam alivyonieleza. Simu inapiga picha ya KB elfu nne. Kazi ya Rupam ni kumtoa mtu kwenye elfu nne, amfikishe hamsini, na sura yake aibakishe.

Mimi nakaa kwenye kigoda upande wake wa kulia, nakata kwa mkasi zile zinazochapwa. Nafasi yangu ni kulia, miaka yote.

2 Julai
Mvua. Wateja kumi na tisa.

5 Julai
Jumamosi, kwa hiyo khichdi, wali na dengu chungu kimoja, na samli juu.

Baleshwar, mwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara, amekuja kupiga picha ya leseni ya kibanda. Ananiita shemeji kwa kuwa alikuwa rafiki wa mume wangu, na kwa ushemeji huo anajiona ana ruhusa ya kunitania mpaka nife.

"Nivalishe koti na tai, shemeji."

"Umekuja na fulana ya matundu, koti nilitoe wapi?"

"Lile la kwenye kompyuta. Mbona mlimvalisha muuza viazi? Alitoka kama meneja wa benki."

Ni kweli, tunayo makoti humo ndani, makoti yasiyo na vichwa. Unachukua kichwa cha mteja, unakitua juu ya kola, basi.

"Baba mdogo," Rupam akamwambia, "mkaguzi akija akakukuta na fulana?"

"Nitamwambia mwenye koti ametoka kidogo."

Nilicheka mpaka mkasi ukamkata sikio mteja mwingine, kwenye picha, ikabidi tumchape upya.

9 Julai
Umeme umekatika mara saba. Nimehesabu.

11 Julai
Mwezi wa Sawan umeanza leo. Hakuna samaki, vitunguu wala kitunguu saumu mpaka uishe. Na kama hiyo haitoshi, zimetangazwa nafasi za makarani wa ofisi za ardhi mkoa mzima, mwisho wa kutuma tarehe thelathini na moja. Mji wote umetuangukia. Foleni imefika kwa Baleshwar, naye anafurahi, maana anayesubiri hunywa chai.

Nimemtazama Rupam kazini. Kwanza anakata ukuta usio na kazi, yaani kila kilicho nyuma ya mabega. Halafu anapunguza upana na urefu. Halafu anaibana kidogo kidogo, kama mtu anayekamua limau na hataki mbegu zitoke. Sabini na mbili. Hamsini na nane. Arobaini na tisa. Akifika hapo anasema, "Karibu, umeingia," na mteja anapumua kama kweli kaingia mahali. Wengine huja wamebana wenyewe kwa simu zao, wameminya mpaka uso umekuwa vigae, miraba mitupu. Hao anawarudisha kitini, anawapiga upya, bila kuwatangaza kwa wenzao. Ana moyo huyu mwanamke. Simwambii, atavimba kichwa.

15 Julai
Leo nimekasirika na nitaandika mpaka wino uishe.

Nilikuwa nakusanya fomu zilizochapwa, nikakuta moja haijakamilika, haina picha. Jina: Rupam Kumari. Umri: thelathini na tisa. Hali ya ndoa: mjane. Alama ya kutambulika mwilini: kovu, shavu la kushoto.

"Hii ya nani?"

"Yangu, mama."

"Ulitaka kuniambia lini?"

"Nimekuambia mara tatu. Wewe ukiwa na mkasi unasikia nusu."

"Na sasa nasikia yote. Unataka kwenda."

"Nataka kufanya mtihani wa ukarani."

"Ukifaulu watakupeleka wapi? Mpakani? Kule ambako mto unahamisha nyumba kila mwaka?"

Akasema hajui, wanapanga wao. Akasema mwisho kwa wanawake ni miaka arobaini, naye anaitimiza Desemba. Akikosa mwaka huu, amekosa moja kwa moja. Alisema polepole, vile anavyomweleza mteja mgumu wa kuelewa, na hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi. Nikamwambia studio hii ilimlisha. Akasema, "Na mimi nimeilisha, mama." Ni kweli. Aliingia humu mwezi wa nne baada ya msiba wa Nilesh, wakati mimi nilikuwa nalala mchana kutwa na mlango umefungwa. Alijifundisha kompyuta peke yake kwa kubahatisha. Lakini leo sikutaka ukweli, nilitaka aseme haendi.

16 Julai
Sikusema naye.

17 Julai
Sikusema naye. Yeye alisema nami kama kawaida, jambo linalochosha sana mtu aliyenuna.

18 Julai
Mvua ya mawe kidogo. Nilimwambia afunge dirisha. Hiyo haihesabiki.

19 Julai
Khichdi. Akaniwekea ukoko, anajua naupenda. Nikasema, "Chumvi imezidi." Akasema, "Haijazidi." Nikasema, "Haijazidi." Tukaishia hapo, tumeshapatana.

26 Julai
Ametuma fomu za watu mia tatu na ushee, na yake bado imekaa bila picha. Kila siku anasema kesho. Leo nimemshika mkono. "Kaa hapo. Mimi nitakupiga."

Niliteremsha pazia la Jagdeo Babu, lile la maharusi, la rangi ya maziwa lenye waridi kutoka juu mpaka chini. Nikamvalisha sari yangu ya hariri yenye maua madogo madogo. Akasema, "Mama, hii ni ya fomu, si ya posa." Nikamwambia anyamaze, mkubwa wake yuko kazini. Akanyamaza, akakaa wima kama mwanafunzi. Nikasikia furaha ya ajabu, sijapiga picha tangu mwaka ule wa msiba.

27 Julai
Rupam alikwenda sokoni mchana, nikakaa kwenye kompyuta peke yangu. Alishanifundisha kushika kipanya. Si kama brashi lakini mkono haujasahau. Nikamng'arisha kidogo chini ya macho. Nikalaza nywele mbili. Halafu nikamfutia lile kovu.

Ndiyo, nimelifuta. Nani hafutiwi kovu? Maharusi wa mji huu wote nimewafuta madoa, na mama zao wakaniletea peremende. Lilichukua robo saa. Shavu lilipotoka safi nilikaa nikalitazama muda mrefu. Alikuwa Rupam wa siku ya harusi.

31 Julai
Siku ya mwisho, dirisha la maombi linafungwa saa kumi na moja jioni. Mungu wangu, siku gani hii. Watu wamesimama mpaka juu ya meza. Umeme umeondoka saa nne asubuhi, ukarudi saa nane mchana. Mtandao ulizunguka, ukazunguka. Saa kumi na nusu, fomu ya mteja wa mwisho ikaingia, ndipo Rupam akafungua yake. "Mama, picha yangu iko wapi?" Nikamwonyesha. Hakuitazama, hakuwa na wakati. Ilikuwa nzito ajabu, akaibana, haikushuka, akaibana tena. Mia na ishirini. Tisini. Themanini. Yale maua yaligoma. Akaiminya mpaka arobaini na tisa, akapakia. Imepokelewa, saa kumi na moja kasoro dakika sita.

Tukala pakora, bajia za unga wa dengu, kwa Baleshwar, tumesimama, mvua inatupiga miguuni. Sawan haijaisha, kwa hiyo hazikuwa na vitunguu, na bado zilikuwa tamu.

1 Agosti
Rupam amechapa fomu yake ya kuweka kumbukumbu. Ameishika muda. Ameikunja, ameiweka kwenye droo. Nikamuuliza, "Vipi?" Akasema, "Uso umekuwa vigae kidogo." Nikarudi kwenye mkasi wangu.

9 Agosti
Sawan imeisha. Leseni ya Baleshwar imetoka, na koti lake. Amenunua tai ya kweli ili afanane na picha. Anamimina chai akiwa na fulana ya matundu na tai nyekundu shingoni. "Sheria ni sheria, shemeji," ananiambia.

14 Agosti
Mto unapanda.

20 Agosti
Sijui nianzie wapi.

Ujumbe uliingia kwenye simu ya Rupam saa tano asubuhi, dukani kukiwa na wateja wawili. Aliusoma, akawahudumia wote wawili mpaka mwisho, akawaaga vizuri. Halafu akafunga mlango, akanisomea. Maombi yake yamesimamishwa. Picha haioneshi uso sawasawa, na alama ya kutambulika iliyotajwa haionekani. Anaruhusiwa kuleta picha nyingine kuanzia tarehe ishirini na nane hadi thelathini, saa kumi na moja jioni. Asipoleta, maombi yanafutwa.

Akatoa ile karatasi kwenye droo, akaiweka mbele yangu.

"Mama. Kovu langu liko wapi?"

Nikasema picha imebanwa sana, vitu vidogo hupotea.

"Nimeifungua ile kubwa. Halipo hata humo."

"Nilikusafisha," nikasema. "Kazi yangu ni kusafisha. Nilitaka utoke vizuri."

"Nani alikuambia sijatoka vizuri?"

Akakaa kwenye kiti cha wateja, akanitazama usoni, na mimi nikatazama pazia. Akaniambia, "Unaona? Hata sasa. Miaka sita, mama. Unakaa kulia. Tukila, kulia. Tukienda sokoni, unazunguka mpaka uwe kulia. Nilidhani sikio lako la upande mmoja limeharibika."

Basi nikasema. Nikasema nikiliona lile kovu naiona ile barabara. Februari, ukungu, wanarudi harusini kwa pikipiki, Nilesh mbele na yeye nyuma, na lile lori lisilo na taa. Nikasema nalitazama shavu lake na kitu cha kwanza kinachonijia si yeye, ni mwanangu amelala. Nilisema huku nikilia, mdomo haukusimama, miaka sita yote ilitoka kwa mkupuo.

Alisubiri nimalize. Akasema, "Wewe una picha zake kumi na nne ukutani. Nimezihesabu, nazifuta vumbi mimi. Mimi nina hili. Kila asubuhi nikijipaka mafuta nalipitia kwa kidole, namsalimia. Na wewe umelifuta."

"Sikufuta kwa ubaya, mwanangu."

"Najua. Ndiyo maana sijui hata nikukasirikie vipi."

Akaingia jikoni. Nikasikia anaosha dengu, anaziosha zaidi ya zinavyostahili.

21 Agosti
Nimezihesabu picha za ukutani. Kweli kumi na nne. Rupam yumo katika moja tu, ya harusi, na uso umefunikwa nusu na ushungi.

23 Agosti
Swali nimejiuliza mwenyewe, sikumwambia mtu. Je, mkono wangu ulijua? Mimi si mgeni wa fomu hizi. Nilikuwa nimeisoma fomu yake tarehe kumi na tano, kovu, shavu la kushoto, kwa macho yangu haya. Nilifuta kwa sababu ya Nilesh, naapa. Lakini kulikuwa na kipande changu kidogo kilichofurahi kwamba huenda asiende. Nakiandika hapa ili kisikae ndani.

25 Agosti
Nimemwambia hata hicho. Alikuwa anakunja nguo. Akasema, "Nilishajua, mama," akanirushia foronya nishike upande wa pili.

27 Agosti
Maji yameingia mtaa wa nyuma. Umeme hakuna tangu jana. Mnara wa simu umezimika, simu za watu wote zimekuwa saa za mkononi. Na kesho dirisha linafunguliwa.

28 Agosti
Hakuna umeme wala mtandao. Kompyuta ndogo ya Rupam ina chaji asilimia arobaini. Hatukuiwasha.

29 Agosti
Nimeamka na akili yangu ya zamani, ile ya kabla ya msiba. Sijui ilikuwa imelala wapi.

Nikamwamsha. "Leo nakupiga mimi, na leo unanisikiliza." Akanitazama kwa wasiwasi, na ana haki. Nikateremsha pazia la waridi, nikalikunja. Nikatundika shuka jeupe. Nikalitazama, nikalishusha, nikawasha jiko la mkaa, nikajaza makaa kwenye pasi ya zamani, nikalinyoosha lote mpaka likawa kama karatasi. Rupam akauliza nafanya nini.

"Nakupunguzia KB," nikamwambia. "Nimekaa nawe miaka yote hii na mkasi wangu, nasikia nusu, lakini hiyo nusu nimeielewa. Picha za wale waliokaa mbele ya ukuta mtupu zinashuka haraka. Wenye maua wanagoma. Kila ua lina uzito wake. Kila kunyanzi lina uzito wake. Kompyuta yako inabeba yote, haijui lipi la maana. Ikizidiwa, inatupa hata uso. Tukiitoa takataka mapema, itabaki na nafasi ya kukubeba wewe."

"Mama, hilo mimi nalijua."

"Unalijua, na uliniacha nikuvalishe hariri ya maua?"

"Ulikuwa na furaha," akasema.

Jamani. Nilijifanya natafuta pini.

Nikamvalisha sari ya pamba isiyo na nakshi. Nikafungua mlango wa mbele wote. Nje mawingu yamefunika mbingu, na hakuna taa ya studio iliyowahi kunipa nuru laini kama hiyo. Nikasogeza kiti ili nuru imjie kutoka kushoto. Halafu nikamtazama. Nililazimika, mpiga picha hawezi kutazama pazia. Kovu linaanzia chini ya jicho, linashuka, linapinda kidogo karibu na mdomo. Si kubwa. Kwa miaka sita nilikuwa nimelifanya kubwa kuliko lilivyo. Akicheka linacheka naye.

"Usicheke, ni ya serikali," nikamwambia.

"Wewe ndiye unayelia, mama. Kamera inatikisika."

Tulipiga tano. Ya nne ndiyo yenyewe.

Akawasha kompyuta ndogo, asilimia thelathini na nane. Akakata pembeni. Akapunguza upana. Sitini na moja. Akabana mara moja. Hamsini na tatu. Akabana kidogo tena, nami nikashika meza. Arobaini na saba. Akaifungua ikajaa kwenye kioo, na tukainama wote wawili, paji kwa paji. Lilikuwepo. Mstari mwembamba, wazi, kutoka jichoni mpaka mdomoni. "Karibu," nikamwambia, "umeingia."

30 Agosti
Mtandao bado. Saa sita, hakuna. Saa saba, hakuna. Roho zetu zilikuwa mkononi. Saa nane Baleshwar akaja anakimbia, suruali imekunjwa mpaka magotini, tai imerushwa begani.

"Shemeji! Daraja la stesheni! Lile la kuvukia reli! Ukisimama katikati, simu yangu inashika mnara wa mji wa pili!"

Tukatoka kama tulivyokuwa. Rupam kaifunga kompyuta ndani ya mifuko miwili ya plastiki, kaikumbatia. Mimi na magoti yangu haya nimepanda ngazi thelathini na nane. Juu kulikuwa na mvua na upepo. Baleshwar akafungua mwavuli, akaufunika juu ya kompyuta, yeye mwenyewe akabaki nje analowa chapachapa. Nikamwambia, "Utaugua." Akasema, "Mimi nina leseni, shemeji. Hiyo ndiyo isiyo na leseni."

Mtandao ukaja, ukapotea. Ukaja. Rupam aliinua simu ya Baleshwar, iliyounganishwa na kompyuta, juu, akaishusha, akaisogeza kulia, Baleshwar naye akimfuata na mwavuli wake. Picha ikaanza kupanda. Robo. Nusu. Ikasimama. Chaji asilimia kumi na moja. Nilisema maneno fulani kwa Mungu, si ya adabu sana. Ikaendelea.

Imepokelewa. Saa kumi kasoro dakika kumi.

Rupam alikaa chini pale pale darajani kwenye maji. Nikakaa karibu yake. Treni ya mizigo ikapita chini yetu, ndefu kweli, tukahesabu mabehewa mpaka ikaisha.

1 Septemba
Sote watatu tuna mafua.

2 Septemba
Umeme umerudi. Rupam aliniuliza mbona kigoda changu kiko kushoto. Nikasema kulia paa linavuja. Halivuji.

8 Septemba
Maombi yamekubaliwa. Kadi ya mtihani imetoka, tarehe ishirini na moja, mjini Patna, makao makuu ya mkoa. Ameichapa, nikaikata kingo kwa mkasi mwenyewe, polepole, nisije nikamkata sikio.

13 Septemba
Leo nimepika chapati za wimbi, mboga za majani na samaki. Rupam akaingia jikoni, akaona vyungu, akasimama. Kila mwanamke wa hapa anajua chakula hicho kinaliwa siku gani. Kinaliwa mkesha wa Jitiya, mfungo wa akina mama kwa watoto wao wa kiume, mchana na usiku bila hata tone la maji. Mimi sijafunga tangu Nilesh aondoke. Mwaka ule nilivua uzi wa mfungo shingoni nikautupa mtoni.

"Mama, unamfungia nani?"

"Kula samaki, anapoa."

"Mama."

"Kuna mtu ana mtihani," nikasema. "Kula."

Alikula. Mboga zilikuwa na chumvi nyingi, kwa machozi yake na yangu.

14 Septemba
Kiu. Nitaandika kesho.

15 Septemba
Nimefungulia saa moja asubuhi. Maji hayajawahi kuwa matamu hivi.

Jana mchana nilikwenda mwenyewe kwa muuza nyuzi, zile nyekundu na njano anazovaa mama shingoni, fundo moja kwa kila mtoto wa kiume. Akaniuliza, "Bibi, watoto wangapi?" Nikasema mmoja. "Jina lake nani, nimwombee?" Nikasema Rupam. Akanitazama, nikamtazama. Akafunga fundo.

Rupam ndiye aliyenivika, amesimama nyuma yangu. Vidole vyake vilichukua muda mrefu sana kwa fundo dogo vile.

20 Septemba
Amepanda treni saa mbili asubuhi. Nimemfungia sattu, ule unga wa dengu za kukaanga, limau, pilipili na kadi ya mtihani ndani ya plastiki tatu. Baleshwar amempa tai yake akaivae huko imletee bahati. Amekataa. Ameikubali.

21 Septemba
Nimefungua duka peke yangu. Mteja wa kwanza, msichana mwenye doa kubwa jeusi kwenye kidevu, picha ya KB elfu tano. "Bibi, unaweza kunifutia hili?" Nikamuuliza, fomu umeandika nini kwenye alama? Akasema ameandika hilo hilo doa. "Basi hilo ndilo litakalokupitisha mlangoni," nikamwambia, "kaa sawa." Arobaini na sita. Imenichukua saa nzima, na mtoto wa watu hakulalamika.

Saa nane simu ikalia. Kelele nyuma, wauza karanga, watu elfu.

"Umeandika vizuri?"

"Nimeandika vizuri, mama. Lakini sikukupigia kwa ajili ya hilo." Alikuwa anahema. "Pale mlangoni kuna askari mwanamke, mkali kweli, wamerudishwa watu watano mbele yangu kwa ajili ya picha. Akachukua kadi yangu. Akaitazama kadi, akatazama shavu langu. Akatazama tena kadi. Akaweka kidole hapa, mama, juu yake kabisa, akasema, 'Ndiye. Pita.'"

Nilishindwa kusema. Mimi, Phulkumari, niliyepewa kitabu kizima kwa sababu ya mdomo wangu.

"Mama? Upo?"

"Nipo," nikasema. "Kula kabla hujapanda treni."